Kamati ya Kuratibu Maswali ya Akina Mama

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, baada ya sadaka na kabla ya baraka, Mzee Elieza alisimama mbele ya usharika akatangaza kwamba historia imeandikwa. Baraza la Wazee wa Kanisa limeunda Kamati ya Kuratibu Maswali ya Mafunzo ya Biblia ya Umoja wa Wanawake. Kuanzia mafunzo ya Alhamisi hiyo, mama mwenye swali atalijaza kwenye fomu, nakala tatu, na jibu litamrudia limegongwa muhuri. Kuuliza kwa mdomo kumesitishwa. Katibu wa Kamati ni yeye mwenyewe.

Elieza alikuwa amestaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na minne ya kuhamisha mafaili kutoka meza hii kwenda ile. Alipochaguliwa mzee wa kanisa hili la Presbiteri lililo njia ya kwenda Chimwaga, alikuta hali ya kusikitisha. Wanawake thelathini walikaa na Biblia magotini, mmoja akauliza, mwingine akajibu, wote wakaelewa. Hapakuwa na kumbukumbu namba. Hapakuwa na nakala kwa yeyote. Kwa mtu wa utaratibu, ule ulikuwa uhuni mtupu.

Wenye midomo yao walisema sababu ni nyingine. Wiki iliyotangulia Hilda, mjane wa Yoramu, marehemu mdogo wake Elieza, alikuwa ameuliza kama Biblia inasema lolote kuhusu baba aliyekufa akaacha watoto wa kike tu. Yoramu aliacha mabinti watatu na ekari mbili za zabibu kule Hombolo. Kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kiume, Elieza alilichukua shamba kwa uangalizi wa muda. Muda huo sasa ulikuwa na miaka minne, na binti mkubwa alikuwa ameacha chuo, anafua nguo za watu. Elieza hakuona uhusiano wowote. Swali la Hilda lilimwonyesha tu kwamba maswali yamekosa msimamizi.

Zipora, mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake, aliyewahi kuuza mahindi sokoni Kibaigwa na kubishana na madalali miaka kumi na mmoja, safari hii hakubishana. Alimwamkia Katibu shikamoo, akaomba fomu mia mbili.

Fomu zikarudi kwa mafurushi. Samaki aliyemmeza Yona alikuwa dume au jike? Mke wa Nuhu aliitwa nani? Elieza alilitazama lundo lile kwa furaha ya mtu aliyerudishwa kazini. Majibu aliyaandika Mwalimu Abeli, mzee mwenzake, aliyefundisha dini shuleni maisha yake yote. Elieza aligonga muhuri na kutia sahihi. Kusoma hakusoma. Abeli alipomdokeza kwamba kuna fomu tano ambazo ingefaa azipitie kwanza, Elieza alimweleza kwa upole kwamba hajawahi kuona mkubwa anayesoma anachosaini. Hiyo ni kazi ya walio chini.

Mwezi wa Agosti Zipora alimwendea Mchungaji Silvano. Akina mama, alisema, wamebarikiwa mno na Kamati, na wanaomba majibu matano yasomwe ibadani na Katibu mwenyewe. Mchungaji alizipitia karatasi, akakohoa, akazipitia tena, akakubali. Elieza alinunua tai mpya.

Jumapili ilipofika alisoma kwa sauti ya kusomea bajeti. Jibu la kwanza: kwa mujibu wa kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini na saba, Selofehadi alikufa bila mtoto wa kiume, akaacha mabinti watano. Jibu la pili: mabinti hao walimwendea Musa kudai urithi wa baba yao, na Musa akalipeleka shauri lao kwa Mungu. Jibu la tatu: Mungu alisema wana haki, wapewe. Hapo sauti ilianza kupungua. Jibu la nne: ndugu wa marehemu hurithi pale tu marehemu asipoacha mtoto yeyote, wa kiume wala wa kike. La tano lilisomwa kwa shida.

"Kamati imepekua sura nzima. Haikuona mahali palipotajwa uangalizi wa muda."

Chini yake palikuwa na muhuri na sahihi yake, na Zipora aliomba navyo visomwe. Vikasomwa.

Hilda akasimama pamoja na mabinti zake watatu.

"Lini, shemeji?"

Elieza aliiweka tai yake sawa, akamkumbusha kwamba swali hupitia kwenye fomu. Mchungaji Silvano akainamia kipaza sauti.

"Kanuni zako zinahusu Alhamisi, mzee. Leo Jumapili."

Elieza aliwatazama wazee wenzake. Wote walikuwa wanatafuta namba ya wimbo.

"Kesho," alisema.

Kesho yake walikwenda Hombolo wanawake wote thelathini, wamevaa sare, na Elieza akawaonyesha mpaka wa shamba, kona kwa kona. Zabibu zilikuwa zimeiva. Mwenyewe alikuwa amepanga kuvuna Jumatano. Hilda alikata kichala cha kwanza, akampa binti yake mkubwa.

Alhamisi Umoja wa Wanawake ulimwandikia Katibu barua rasmi, kumwomba aje awafundishe. Somo walikuwa wameshalichagua: mfalme Ahabu na shamba la mizabibu alilomnyang'anya Nabothi.