Benzi la Bibi Harusi

Jumapili, 8 Agosti 1993, Masasi
Baada ya misa nimeuzunguka mji mzima na Benzi. Watu wametoka majumbani kutazama! Gari la mwaka sabini na mbili, halina kabureta. Petroli inapulizwa na nozeli nane zinazoamriwa na umeme. Mzungu wa mradi wa maji aliniachia alipofunga virago. Siku hizi kila kitu ruksa, hata karani wa korosho kumiliki Benzi.

Jumamosi litampeleka binti yangu Scholastika kuolewa Newala. Nimeahidi mbele ya wakwe. Wajomba wa bwana harusi walicheka kidogo, wakasema ukoo wetu haujawahi kufika kwao ila kwa miguu. Watanitambua.

Njiani limekohoa mara mbili. Vumbi tu.

Jumanne, 10 Agosti
Si vumbi. Limezimika sokoni, mbele ya Jafari! Jirani huyu ana trekta, basi anajiona mhandisi. Akauliza kwa upole kama nahitaji kuvutwa. Nikasema nimesimama kununua nyanya. Ikabidi ninunue nyanya.

Fundi Faridi wa Mkomaindo kafungua boneti, katafuta kabureta, kaikosa, kanitazama kana kwamba nimeiuza. Baadaye kaona soketi za nozeli zimekuwa nyeusi, zimelika. Akauliza ule unga wa manjano ni wa nini. Nikamweleza kwa fahari: salfa ya mikorosho. Mwezi wa sita panya walitafuna waya, nikaimwaga kila penye waya. Panya hawajarudi! Faridi akadai salfa ikipata unyevu inakula shaba. Mikorosho yangu hupuliziwa salfa kila mwaka na inanawiri. Kijana hana uzoefu.

Alhamisi, 12 Agosti
Faridi alitaka kukwangua soketi zote mwenyewe. Nimemuaga kiungwana, kazi hii naiweza. Nimechomoa zote nane kwa mpigo, nimezisugua kwa msasa, zimeng'aa. Kumbe zinafanana! Nimezirudisha kwa hisia. Gari limewaka, limetoa moshi mweusi, limezimika.

Mama Scholastika akauliza kama azungumze na Jafari. Nikasema bora nimbebe binti mgongoni. Akatoka. Nadhani alikwenda kuteka maji.

Ijumaa, 13 Agosti
Nimekwenda kumwangukia Faridi. Yuko Lupaso msibani.

Scholastika kaja na kitambaa, kafuta viti vya gari kimoja kimoja, bila neno. Ningefurahi angenilaumu. Binti mmoja, ahadi moja, na baba mwenyewe ndiye huyu. Naona aibu.

Jumamosi, 14 Agosti
Asubuhi, Jafari huyo! Trekta limeoshwa, trela limefungwa makuti. Eti alikuwa anapita. Mama Scholastika akawa anatazama paa la nyumba.

Mashangazi wakamwambia bibi harusi apande trela. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye Benzi, akafungua mlango, akaketi.

"Baba alisema nitakwenda kwa gari lake," akasema. "Shangazi, ninyi pandeni trela. Sisi tufungieni kamba."

Nimelia. Kwa watu nimesema ni salfa.

Safari nzima nimeshika usukani kwa makini, na kwenye kona nimepiga honi. Mlimani nimebadilisha hata gia. Breki bila injini ni ngumu, mguu umekufa ganzi. Karibu na kanisa, mahali pa mteremko, Jafari kasimama, kafungua kamba bila kuambiwa, kajificha na trekta lake nyuma ya mikorosho. Tukateleza taratibu hadi mlangoni, Scholastika akiwapungia watu mkono. Wajomba wakasimama wote! Nimemshukuru Jafari kwa sauti ya chini, asije akavimba kichwa.

Jumapili, 15 Agosti
Mjomba mkubwa wa bwana harusi amesema hajapata kuona gari tulivu vile. Akauliza linakunywaje mafuta. Nimemjibu ukweli mtupu: Masasi hadi Newala, hata tone.

Ameliomba kwa harusi ya bintiye Oktoba. Nimekubali papo hapo. Jafari akauliza kama aiweke kamba karibu. Nimemwambia aiuze.

Faridi karudi kutoka msibani, kanisihi nitoe salfa yote. Nimemtii, nimeifuta hadi chembe ya mwisho. Mahali pake nimepaka mafuta ya maganda ya korosho, kila soketi, kila waya. Vidole vyangu vimebabuka vyote kumi. Dawa kali kiasi hicho, panya gani atasogea?