Kuhusu Binti Yangu Kukataa Kuitika Jina la Gogo

Mpendwa Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu kutoka karakana. Mimi ni fundi seremala, baba wa yule msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akiwaonea wenzake mpaka mkampeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Nilidhani atachapwa viboko viwili, yaishe. Badala yake amekalishwa kitini Alhamisi sita akiulizwa anajisikiaje, na msalaba nimeubeba mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mshauri alimwagiza aandike majina yote mabaya aliyowahi kuwaita wenzake: Bata, Kigugumizi, Mifupa. Aliandika ukurasa mmoja, akaenda kuwaomba radhi. Hapo sina neno.

2. Kisha akaagizwa aandike majina aliyoitwa yeye. Zikajaa kurasa tatu, na yote nimempa mimi. Ukurasa wa kwanza ni utani tu, mtu yeyote mwenye akili ataona.

3. Tangu siku hiyo nikiita Gogo, haitiki. Nimemwita hivyo tangu anajifunza kutembea, kwa mapenzi, maana alikuwa mzito kubeba. Jumamosi niliita mpaka majirani wakaitika. Yeye alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anapiga msasa mguu wa meza. Iliniuma sana.

4. Ugonjwa huu unaambukiza. Hata kijana wangu wa kupaka vanishi, mtu mzima, niliyemwita Kichwa Maji miaka tisa bila tatizo, sasa anataka nitumie jina lake. Ilibidi nimwulize ni nani. Mke wangu naye ameuliza kwa upole kama Redio ni yeye.

5. Kwa hiyo nyumbani sina wa kumwita.

Naomba shule inirudishie binti yangu kama nilivyomleta. Ikishindikana, mshauri aje mwenyewe kila jioni amwite aje kula.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na mlinzi wa getini, yule Kipara.

Ni mimi, mzazi niliyeonewa.

N.B. Jana alipita mtu niliyesoma naye shule ya bweni, akaniita Kikojozi mbele ya wateja. Nilicheka, kama ninavyocheka miaka thelathini sasa, kisha nikashindwa kupiga msumari. Binti yangu aliweka msasa chini akamwambia kwamba baba yake ana jina, akalitaja lote. Naomba nafasi ya Alhamisi kwa mshauri. Nimeshaanza kuandika, niko ukurasa wa pili.