Dume Jekundu la Zakariye

Kitendawili! Mama ana mimba, na mimba yenyewe iko nje ya tumbo. Usikimbilie kujibu, mjukuu wangu. Zakariye mwenyewe kilimtoa jasho.

Zakariye ndiye yule dalali wa mifugo wa Garissa aliyempaka hina mbuzi ajuza akamuuza kama msichana. Siku moja akaona wenye hoteli wamepandwa na wazimu wa matangi ya kioo, kila mmoja anataka kamba wadogo wa mapambo, wazaane mpaka wajae. Akaleta ndoo nzima kutoka Nairobi. Wengine wekundu, wanene, watulivu. Wengine wamepauka, wembamba, wanazunguka kutwa kama waliopoteza ufunguo.

"Jogoo na kuku, nani ana rangi?" akawauliza wateja. "Basi! Mwekundu dume. Huyu aliyepauka ndiye jike, mzazi."

Hakujua lolote, ila alijua mfugaji hulipia jike zaidi. Waliopauka wakaisha kwa bei ya kuumiza.

Ndipo akaja Jawahir, muuza maziwa ya ngamia, akainamia ndoo mpaka mtandio ukalowa.

"Madume yako mbona yametulia hivi? Dume la ngamia likinusa jike, boma zima halilali."

"Haya yana adabu, Eeddo, shangazi yangu."

"Na hili, chini ya tumbo limebeba nini?"

"Eeddo, utanunua au utahubiri?"

"Apa mbele ya watu kwamba ni dume."

"Wallahi, dume!"

Malaika wa bega la kushoto, mwandishi wa dhambi, akachovya kalamu.

Wakaingiza mikono chini ya shali, vidole vikapatana bei kimyakimya kama ilivyo kwenye soko la mifugo, na Jawahir akaondoka na wekundu wote kwa bei ya kutupa.

Haukupita muda, tangi Jawahir alilowatia likachemka watoto. Kule hotelini waliopauka walikuwa bado wanazunguka, wakitafuta mke asiyekuwepo. Wenye hoteli nao wakaanza kuzunguka, wakimtafuta Zakariye.

Akaja kujibanza nyuma ya madumu ya maziwa ya Jawahir.

"Eeddo, niokoe! Niuzie majike niwape."

"Majike? Mimi uliniuzia madume. Uliapa."

"Wataniua!"

"Nitakuuzia, kwa bei ya jike. Lakini siku ile nilikuuliza, hukunijibu. Lile dume lako lilibeba nini chini ya tumbo?"

Zakariye akachungulia barabarani. Walikuwa wanakuja, na wa mbele ameshika mwiko wa pilau.

"Mayai," akasema.