Boriti ya Babu

Jumatatu, 4 Machi
Bila ukoo wetu, mji huu mzima ungekuwa unavuka mto kwa kuogelea. Daraja la chuma alilijenga marehemu babu, karibu peke yake. Wengine walimshikia nyundo tu. Sasa linakarabatiwa, na injinia anatafuta mtu wa kuwasimulia wageni historia yake. Nani kama mimi? Wageni watalazimika kunisikiliza! Hapa nyumbani nikifungua mdomo tu, mke wangu anaongeza sauti ya redio.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji naye anaitaka kazi! Kaka wa mke wangu, mpaka rangi. Eti amelipaka daraja lile ujana wake wote. Kupaka! Hata choo hupakwa.
Injinia, binti mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, kataka ushahidi. Nikamweleza babu alivyokuwa akidaka ribiti, zile pini za kuungia vyuma, zikiwa za moto, kwa meno. Kanijibu, eti mjomba nilete basi hayo meno. Watoto wa siku hizi!

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni mali. Mafundi walipokwenda kula, nikapenya na tindo na nyundo. Boriti ya mwanzo kabisa, upande wetu: imenyooka, haina kutu hata chembe. Kazi ya babu hiyo, huwezi kukosea! Nikachonga jina lake na mwaka, nikapaka tope, ikazeeka papo hapo. Shemeji kwisha habari yake.

Ijumaa, 8 Machi
Nikawakusanya: injinia, shemeji, mke wangu. Nikaonyesha. Wakaziba midomo kwa mikono. Nikadhani wanazuia machozi.
Injinia akauliza kwa upole babu alifariki lini. Kabla sijazaliwa, nikasema, kwa fahari. Basi akasema boriti hiyo ni mpya, imeshushwa kutoka kwenye lori juzi. Ya zamani ililiwa na kutu, imetupwa ng'ambo kwenye lundo la chuma chakavu.
Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu akaniambia, Baba Watoto, twende nyumbani tafadhali.
Kazi kapewa mpaka rangi. Mimi nimepewa msasa, niufute ukoo wangu.

Jumapili, 10 Machi
Wajinga hawa hawajui historia. Nilikosea boriti, sikukosea babu! Kesho nakwenda na tindo yangu ng'ambo, kwenye lile lundo.
Itabidi shemeji anishike mkono, lakini. Daraja lenyewe sijawahi kulivuka. Nikiona maji chini, hurudi nyuma kwa kutambaa.