Meneja wa Nyuma ya Migomba

Jumatatu, 2 Machi

Nimekosa. Naanza na hiyo. Mimi Walter, miaka hamsini na moja, mwenye duka la dawa za mifugo hapa Nyamache na meneja wa timu ya soko letu, nimekosa na nakiri kwa mkono wangu. Daftari lenyewe ni la kuandika chanjo za kuku. Lingine sina.

Mechi mbili tumecheza. Ya kwanza nne bila. Jana sita kwa moja. Na hiyo moja watu walishangilia mpaka refa akauliza kama tumeshinda.

Kosa ni la kuchagua. Kwa Ligi ya Masoko hakuna kununua mchezaji. Wachezaji wote wa Nyamache, Nyamira, Keroka na Tabaka wanaketi kwa nyasi, sisi mameneja wanne tunachagua kwa zamu, mmoja mmoja, kama mama sokoni na ndizi. Nikachagua watu wakiwa wameketi! Mtu akiketi huoni anatembea aje. Chaguo langu la kwanza kabisa lilikuwa yule wa viatu vya kijani. Viatu safi sana. Kumbe ni vya kuazima, na yeye anachechemea. Chaguo la pili, nilimchukua kwa sababu alinisalimia vizuri.

Halafu nikabadilishana na Keroka. Nikatoa mabeki wawili wazima, nikapewa ndugu wawili wa tumbo moja. Nilifikiri ndugu wataelewana. Hawajaongea tangu wagawane shamba la baba yao. Hata pasi hawapeani.

Mzuri ni mmoja tu, Mogaka, mshambuliaji. Huyo ndiye aliyefunga ile moja. Na hata huyo sikumchagua, ndiye alibaki wakati wengine wamekwisha.

Sasa Mwalimu Drusilla, mwenyekiti wetu, ameita kikao. Jumapili baada ya mechi na Nyamira, kamati itapima machaguo yangu na mabadilishano yangu yote, moja moja, alama kwa kumi. Nikipata chini ya tano, umeneja unaenda kwa Bonareri.

Bonareri anauza chipsi kando ya uwanja! Ni kweli kila kitu anachosema wakati wa mechi huwa kinatokea. Lakini hiyo ni bahati.

Umeneja ndio kitu pekee nilicho nacho ambacho watu husimama wakiniona. Siwezi kuupoteza kwa mama wa chipsi. Mungu nisamehe kiburi. Lakini siwezi.

Jumanne, 3 Machi

Nimepata mpango. Badilishano moja kubwa kabla ya Jumapili, alama zipande.

Nilienda Nyamira kumwona Nyakundi, meneja wao. Huyu ni karani wa ofisi za kaunti, anavaa suti hata uwanjani. Akaniagizia chai na mandazi. Akasema katika mameneja wote wanne, mwenye jicho ni mimi. Akasema yeye hujifunza kwangu. Nikasema asizidishe. Akazidisha.

Akasema ana golikipa, Job, ukuta mtupu, na inamuuma kumwacha, lakini kwa heshima yangu atampeana. Anataka Mogaka tu.

Nilikataa. Nilikataa mara tatu, ndio asione nina haraka. Ya nne nikakubali.

Nilipokuwa natoka akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema, tutazidi kuwa karibu, Walter. Nikaona ni mtu wa upendo.

Jumatano, 4 Machi

Haresh wa hardware, ndiye katibu wa ligi, alipiga muhuri asubuhi. Akaniuliza kwa Ekegusii, ambacho anakijua kunishinda, kama nimefikiria vizuri. Nikamwambia mimi ni meneja. Akapiga.

Job alifika jioni na begi lake. Mrefu! Mikono kama majembe! Mazoezini walimpigia mashuti ishirini, akadaka kumi na tisa. Nilijipa alama tisa papo hapo.

Nikaona nianze naye kwa nguvu, ajue nyumba ina mwenyewe. Nikampigia kelele mbele ya wote kwamba anasimama golini kama mtu anangoja unga kwa posho mill. Nikamgonga mgongo. Nikamfuata mpaka kibanda cha kubadilisha nguo, nikatoa hotuba. Yeye alikuwa na chupi tu. Alijificha nyuma ya mlango na kila nikiongea anasema, ndiyo tata, ndiyo tata, yaani baba, macho chini. Nilifurahi. Wachezaji wa siku hizi hawana adabu namna hiyo.

Bonareri alikuwa anacheka mpaka mafuta ya chipsi yakaungua. Akaniambia, Meneja, ukifika nyumbani muulize mama watoto huyo Job ni nani.

Alhamisi, 5 Machi

Mungu wangu.

Nilimuuliza Edinah. Akaweka mwiko chini. Akasema, Baba Linet, si nilikuambia tangu Januari kwamba Aprili tuna wageni? Si nilikuambia msichana wako amepata mtu wa Nyamira? Wewe ulikuwa unachora timu nyuma ya kalenda, ukasema sawa sawa.

Mtu wa Nyamira ni Job.

Golikipa wangu ni mkwe wangu! Na Nyakundi ni baba yake mdogo. Ndiye atakuja kama msemaji wa wageni. Alijua! Akininywesha chai alijua!

Mtu wa mbali hawezi kuelewa. Sisi tuna chinsoni. Ni ile heshima ya mkwe. Mume wa binti yako humpi mkono, humfanyii mzaha, humkaripii, na zaidi ya yote humwoni bila nguo, yeye naye hakutazami usoni. Mimi kwa jioni moja nimemgonga mgongo, nimemwita mtu wa posho mill na nimemhutubia akiwa na chupi.

Nilijaribu kumwambia Edinah kwamba ng'ombe wa mahari hawajaletwa bado, kwa hivyo si mkwe kamili. Akasema heshima haingoji ng'ombe. Akatoa sheria. Nisiingie kile kibanda. Nisimpigie kelele. Nisimkaribie. Akaniuliza kama nataka Linet azeekee hapa kwa sababu ya mpira.

Linet alipiga simu kutoka Kisii, anakofanya kazi kwa duka la dawa za watu. Hakuongea na mimi. Alisikika tu akilia kwa simu ya mama yake. Au alikuwa anacheka. Sikuweza kujua na sikuuliza.

Jumapili nitaongozaje timu na siwezi kuongea na golikipa?

Ijumaa, 6 Machi

Mwisho wa kubadilishana ni leo jua likitua, kwa sababu nusu ya ligi ni Wasabato. Asubuhi nilikuwa kwa Haresh kabla hajafungua.

Nikamwomba afute muhuri. Akanionyesha kibao nyuma yake: mali ikitoka dukani hairudishwi. Nikamwambia hicho ni cha misumari. Akasema, Walter bwana, misumari, mabati, golikipa, sheria ni moja. Lakini akanihurumia, akasema bado naweza kumpeleka Job timu nyingine.

Nikaenda Tabaka. Meneja wao ni mchongaji, nilimkuta ameketi kwa vumbi jeupe la mawe anachonga kiboko. Nikamwambia nampa Job, anipe mtu yeyote. Akasimamisha patasi. Akauliza, ana kasoro gani?

Hapo nikakwama. Nikisema ana kasoro, nimemtukana mkwe wangu mbele ya watu, itafika Nyamira kabla yangu. Nikisema hana kasoro, kwa nini namtoa?  Yule mtu akanitazama, akarudi kwa kiboko. Baadaye akaniuliza tena. Nikasema Job ni mtu mzuri sana na ndio maana. Akasema watu wazuri sana yeye anawaogopa.

Jua likatua nikiwa hapo hapo. Alinipa kile kiboko niende nacho, nafikiri ni kwa kunihurumia. Hicho kiboko sikio moja hakina.

Jumamosi, 7 Machi

Sabato. Leo hakuna habari ya mpira.

Mhubiri aliongea juu ya mtu aliyejenga kwa mchanga. Alinitazama mimi. Wakati wa ushuhuda nilisimama nikakiri. Nikasema nimekuwa mtu wa kupenda sifa, nimedanganyika kwa chai, nimechagua kwa macho ya mwili. Nililia kidogo. Kanisa likasema amina.

Nje, Mwalimu Drusilla alinishika mkono. Alinifundisha darasa la sita huyu mama. Nilifikiri anakuja kunifariji. Akasema, Walter, hata darasa la sita ulikuwa unakiri mapema ndio upunguziwe viboko. Akaongeza kwamba alama zitasomwa kesho vile vile.

Jumapili, 8 Machi



Edinah alinionyesha mahali pa kusimama. Nyuma ya migomba ya shule, upande wa magoli ya juu. Meneja mzima, naongoza timu kutoka kwa ndizi! Nikitaka kusema kitu namwambia Bonareri, yeye anapeleka. Nilimwambia awaambie wapige mipira mirefu. Akaenda, akaongea nao, wakaanza pasi fupi fupi. Nikamwambia amtoe yule wa viatu vya kijani mwishoni. Alimtoa dakika ya tano. Nikamuuliza kama ananisikia. Akasema, nakusikia, Meneja, hata wewe kunywa maji.

Tukafunga! Wale ndugu wawili! Mmoja alimpa mwenzake pasi, sijui Bonareri aliwaambia nini. Moja bila. Baadaye Mogaka akasawazisha, yule Mogaka wangu, na jezi ya Nyamira. Nyakundi alipiga makofi akitazama migomba. Suti ya bluu.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana upande. Job sasa akawa golini hapo hapo mbele yangu, hatua sita. Nilirudi nyuma ya mgomba mnene. Alidaka kila kitu. Alidaka kwa ngumi, kwa goti, moja kwa kifua. Na mimi moyoni nahesabu: sare na Nyamira ni alama. Tano nitafika. Tano tu, Mungu wangu, sitaki zaidi.

Dakika ya mwisho, penalti yao. Mogaka ndiye anapiga.

Na mimi namjua Mogaka! Yeye siku zote hupiga upande wa choo cha shule. Siku zote! Nikamtafuta Bonareri. Yuko upande wa pili wa uwanja. Mogaka anaweka mpira. Edinah yuko pale mbele ananitazama kama anasoma mawazo yangu.

Nikaona njia. Kuna njia ya wazee wetu, ukitaka kumwambia mkwe kitu unakiambia kitu kingine yeye akisikia. Nikatoka kwa migomba. Nikampa Job mgongo. Nikauambia mlingoti wa bendera ya shule, kwa sauti yote niliyo nayo: wewe mlingoti, huyu mtu hupiga upande wa choo!

Nilikuwa nimempa mgongo, kwa hivyo sikuona. Nimeambiwa. Job alikuwa tayari ameinama upande wa choo, Bonareri alishamwambia wakati wa mapumziko. Aliposikia sauti ya baba mkwe nyuma yake, alifanya vile mtoto aliyelelewa vizuri hufanya. Alisimama wima. Akaweka mikono nyuma. Akainamisha kichwa.

Mpira ukapita upande wa choo, polepole, nasikia hata mtoto angeudaka.

Mbili kwa moja.

Akina mama wa Nyamira wakapiga vigelegele na kusema Linet amepata mume.

Mwalimu Drusilla alisoma alama hapo hapo akiwa amesimama kwa kreti ya soda. Chaguo la kwanza: viatu nane, mwenye viatu mbili. Wale ndugu: moja, na wagawane. Mogaka: mchezaji kumi, chaguo sifuri, kwa kuwa alibaki. Job: mchezaji tisa na nidhamu kumi. Kumtoa Mogaka na kumleta Job bila kuuliza nyumbani kwangu kuna nini: sifuri, na ningekuwa na alama ya chini ya hiyo ningeitoa. Jumla, tatu kwa kumi.

Bonareri alipewa filimbi na funguo za kibanda. Watu wakasimama. Akaniuliza kama nataka chipsi.

Nilimpa kile kiboko cha Tabaka kama pongezi. Akauliza sikio liko wapi.

Jumatatu, 9 Machi

Sasa nimejifunza. Naandika hii nikiwa mtulivu. Mtu asichague kwa macho. Mtu asikubali sifa, hasa za Nyamira. Mtu aulize nyumbani kwanza. Mimi si meneja tena na labda ni vizuri. Asubuhi watu walipita dukani na hakuna aliyesimama. Nilivumilia.

Saa sita Nyakundi alikuja. Alikuja kwa heshima, kupanga ule ugeni wa Aprili. Akasema jana uwanja mzima hakuna aliyeelewa mpira kama mimi, ila mkwe alikuwa na adabu nyingi kuliko mpira. Akasema kamati ya Nyamache italia mwaka ujao. Akasema mtu akitaka kurudi kwenye umeneja, anarudi na mchezaji mkubwa mkononi, na kamati inanyamaza.

Tukaongea kama wakwe. Kwa kifupi: ng'ombe mmoja wa mahari tumpunguze, na mwaka ujao siku ya kuchagua, Nyamira wamwachie Mogaka, nimchukue mimi. Nilikataa mara tatu, ndio asione nina haraka. Hatukuandika popote. Ya nini kuandika kati ya wakwe? Edinah nitamwambia baadaye, akiwa na nafasi.

Akiondoka, nikaona kwenye gari lake kuna mchezaji mpya ameketi kiti cha mbele. Nyakundi akasema huyo hata hafikirii kumpeana. Sikumwona akitembea. Lakini viatu! Vya bluu, vipya, kamba nyeupe.

Kwa huyo, ng'ombe wa pili naye nimemwachilia.