Safari ya Mbeya na Insha ya Ng'ombe

Jumatatu, 8 Septemba

Mkuu wa shule, Mwalimu Maximilian, katangaza leo kwamba tutapeleka wanafunzi Mbeya kwenye mashindano ya insha. Mwalimu mmoja tu atawasindikiza. Ni yule ambaye mada zake zitaleta insha bora kwenye kikao cha wazazi Ijumaa.

Mwalimu huyo ni mimi. Nani mwingine? Mtaa wetu wa Majengo wote wameshajua kwamba nasafiri, na koti nimenunua. Kikwazo kimoja tu, Mwalimu Otilia, aliyekuja juzi na chuo bado kinamnukia.

Jumanne, 9 Septemba

Nimewapa Kidato cha Pili mada ya maana: "Umuhimu wa usafi katika jamii." Nusu ya darasa walisinzia. Waliobaki waliandika insha moja, hata makosa ni yaleyale.

Otilia kawaambia mkondo wake: umefika nyumbani, mlango uko wazi, chungu kinatokota, hakuna mtu. Kengele ya chakula ililia, hawakutoka. Watoto wameacha makande! Nikamwambia hizo ni hadithi za kutishia watoto. Akanipa shikamoo, kisha akaniuliza kwa upole kama usafi ulinoga. Nimemchukia rasmi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepita dirishani kwake mara kadhaa nikijifanya natafuta chaki. Ujanja wake nimeung'amua. Hamuulizi mtoto anajua nini. Anamweka mahali, halafu anamuuliza anaona nini. Basi, ndiyo elimu yote hiyo. Kesho nampiku.

Alhamisi, 11 Septemba

Mada yangu: "Wewe ni ng'ombe wa nyumbani kwenu. Simulia unayoyaona." Kalamu hazikupumzika. Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma walioko pembezoni mwa Chanji, aliomba karatasi za ziada.

Nimesoma aya yake ya kwanza. Kiswahili kimenyooka, nikampa alama za juu. Aya nyingine za nini? Kuonja chumvi humalizi sufuria. Nimemwomba Mkuu kwamba Kabula asome wa kwanza kesho, tena kwa sauti. Kakubali, kanishika na bega. Mbeya hiyo naiona.

Ijumaa, 12 Septemba

Kabula alisoma vizuri mno.

Ng'ombe wake ni mweupe na mnene. Alieleza kwamba wageni wa mahari wakija, yeye hupelekwa bondeni kwa baba mdogo, zizini wakabaki waliokonda. Wageni wakiondoka, anarudishwa. Wazazi walicheka hadi wakapiga mabenchi.

Mkuu hakucheka. Wageni wenyewe walikuwa ndugu zake. Binti yake Victoria ndiye anayeposwa na kaka yake Kabula, na nyumbani kwa Mkuu waliambiwa kwamba ng'ombe wazuri wote wamekufa kwa ugonjwa. Baba yake Kabula alikuwa benchi la mbele. Aliangalia dari la ukumbi kana kwamba anataka kulinunua.

Mimi ningejuaje? Hayo yalikuwa ukurasa wa pili.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeitwa nyumbani kwa Mkuu, Katandala. Kasema nimemdhalilisha mbele ya wakwe. Kasema insha ya Kabula ndiyo bora, kwa hiyo Kabula anakwenda Mbeya. Anayemsindikiza ni Otilia. Mimi nimepewa usimamizi wa vyoo muhula mzima, kwa kuwa napenda usafi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ng'ombe mweupe, mnene, anatafuna majani. Kaletwa alfajiri na baba yake Kabula, pamoja na ombi la msamaha. Nikamuuliza Mkuu kama haoni kwamba ng'ombe huyo kapatikana kwa juhudi zangu. Kanionyesha lango.

Otilia kanipigia jioni kunipa pole. Akanishauri, kaka, siku nyingine insha za mambo ya nyumbani zisome mpaka mwisho kabla hazijasomwa hadharani. Nikamwambia asinifundishe kazi. Nimeumia, sikatai. Ila siombi radhi kwa mtu.

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Kosa ni ng'ombe. Ng'ombe anajua zizi tu, hana upeo. Jumatatu nawapa Kidato cha Kwanza mada iliyokomaa: "Wewe ni simu ya baba yako. Simulia unayoyasikia." Teodori, kitinda mimba wa Mkuu, yuko darasa hilo na ana sauti nzuri sana. Huyo ndiye atasoma wa kwanza, paredi, mbele ya shule nzima.