Sanduku la Jumapili

Jumatatu, 5 Oktoba

Siku imeanza kwa kelele. Sijashika hata msumeno, Vanishi kashaanza. Huyu ndiye mpakaji rangi wetu, na tangu uchaguzi wa rais ukaribie hafungi mdomo. Eti kila kura ina uzito. Eti asiyepiga kura Jumapili asije kulalamika Jumatatu. Nikamwambia mshindi alishajulikana tangu mwaka jana, sisi tunaitwa kupiga makofi tu. Mzee Randa, seremala mkongwe tunayetumia naye meza moja, akacheka mpaka akakohoa. Mama Satini, anayeshona vitambaa vya ndani, akasema nina mdomo mchafu. Mjadala nimeshinda. Wenyewe hawajui.

Kwa faida ya atakayesoma haya nikishakuwa mtu mkubwa: karakana yetu inatengeneza majeneza. Lakini neno hilo kazini ni marufuku. Bosi anasema linatisha wateja. Tunasema sanduku. Miaka kumi na moja nasema sanduku, kazini, nyumbani, hata usingizini.

Hali ya Mama si nzuri. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa tano, upande wa kulia hauna kazi, na maneno yamebaki machache, yanatoka moja moja kwa taabu. Leo kanishika mkono kwa ule mkono mzima. Akasema: sanduku. Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia. Sanduku. Jumapili. Akanikazia macho mpaka nikaitikia, ndiyo Mama.

Nimekwenda kulia jikoni. Mama anaijua siku yake! Na anajua kamzaa fundi. Jumapili sanduku litakuwepo, na si sanduku la ovyo. Sitamwangusha.

Jumanne, 6 Oktoba

Tatizo ni mbao. Mfanyakazi akifiwa na mzazi, Bosi hutoa sanduku bure, lakini la plaiwudi. Linyeshewe mara moja tu, linafumuka. Mbao za maana, zile nyekundu ngumu, zimefungiwa stoo, na ufunguo hukaa kwa msimamizi. Msimamizi hatuna. Wa zamani kastaafu, kahamia kwa bintiye.

Na leo, bahati hiyo! Bosi katangaza kwamba Alhamisi tutapiga kura tuchague msimamizi mpya. Nadhani kasikia mambo ya demokrasia redioni. Wagombea wawili: mimi na Vanishi.

Nimekaa nikapiga hesabu. Wapiga kura ni wanne. Yangu ninayo. Mzee Randa ni wangu. Vanishi atajipigia. Mama Satini ni wa Vanishi, maana humletea vitambaa vya kufutia rangi bila kuitwa. Mbili kwa mbili. Kwa hiyo Mama Satini asipige kura kabisa. Njia ni moja: nimshawishi kwamba kura ni upuuzi. Kazi rahisi, kwa sababu ni kweli.

Mama kanywa uji vijiko vitatu. Kisha kasema: kadi. Nikapekua mkoba wake, nikakuta mbili, ya hospitali na ya kupigia kura. Nikampa ya hospitali. Akaitupa chini. Maskini, kashakata tamaa na madaktari. Sikumlazimisha. Ile nyingine nimeitia mfukoni. Plastiki nzuri, ngumu, haifai kukaa bure.

Jumatano, 7 Oktoba

Leo nimehutubia. Wakati wa chai nikapanda juu ya rundo la mbao nikawaambia: kura yako ni moja, watu ni mamilioni. Anayechagua ni yule anayehesabu. Wewe unachomwa na jua kwenye foleni, mwenzako yuko ofisini anaandika tarakimu anazotaka. Nikasema kwa uchungu kweli, nikajisikia vizuri.

Mama Satini akaweka sindano chini. Akasimulia kwamba mwaka ule wa mvua alipanga foleni tangu alfajiri, mwanawe mgongoni. Nyuma yake alisimama mkurugenzi wa kiwanda alichokuwa akifagia. Mkurugenzi akataka kupita mbele. Watu wakamwambia rudi nyuma. Akarudi. Akasimama kwenye tope nyuma ya mfagiaji wake saa nne nzima. Mama Satini akasema siku hiyo alijiona mtu.

Nikamuuliza kesho yake ilikuwaje.

Akasema kesho yake alifagia kama kawaida, na mgombea wake alishindwa. Nikanyoosha mikono, basi! Akainama kwenye kitambaa chake. Nadhani alikuwa analia. Akasema labda kweli, labda hakuna maana.

Imekubali! Vanishi kakasirika, akasema mimi nawakatisha watu tamaa kana kwamba nimeajiriwa kwa kazi hiyo. Wivu.

Alhamisi, 8 Oktoba

USHINDI.

Sanduku la kura halikuwepo, kwa hiyo Bosi akachukua lililokuwa karibu, sanduku dogo la mtoto ambalo halijachukuliwa na wenyewe. Akakata tundu kwenye kifuniko kwa patasi. Mama Satini akageuza uso, akatoka nje. Hakupiga. Safi kabisa.

Lakini Mzee Randa naye akavaa kofia anatoka! Nikamkimbilia mlangoni, Mzee, wapi? Akasema anakwenda kunywa chai, kura haina maana, nimemfungua macho. Zee la ajabu hili! Nani kamwambia asikilize?

Bahati nina akili ya akiba. Nilipoingia nyuma ya pazia niliandika karatasi nne badala ya moja, tahadhari tu. Matokeo: mimi nne, Vanishi moja. Vanishi akapiga kelele kwamba waliopiga kura ni wawili, karatasi zimefikaje tano? Bosi alikuwa na simu sikioni. Akasema matokeo ni matokeo, mwenye malalamiko aandike barua. Akanirushia ufunguo.

Jamani, kushinda kutamu. Sasa nawaelewa wakubwa.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimefanya kazi kutwa bila kula. Nimechagua mbao saba zisizo na fundo hata moja. Nimepiga randa mpaka mkono ukakataa. Kona zote nimeunganisha kwa meno ya mbao, hakuna msumari unaoonekana. Brashi ya gundi imekauka, lakini ile kadi ya Mama inapaka gundi vizuri kuliko brashi. Inafika kwenye kona, haiachi donge. Nashangaa sikuigundua mapema.

Vanishi akaja kuuliza la nani hili, mbao za bei mbaya namna hii. Nikasema la mama yangu. Akasema niliache hapo, atalipaka mwenyewe, mikono mitatu ya rangi. Mama Satini akashona godoro jembamba na mto bila kuniangalia. Wanajipendekeza kwa msimamizi.

Nyumbani nimemkuta Mama analia. Kadi, anasema. Kadi. Jirani anayemwangalia mchana anasema kalia hivyo tangu asubuhi. Nikapiga magoti, nikamwambia Mama, tulia, sanduku liko tayari, Jumapili nitakufikisha. Akaacha kulia palepale. Akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Tangu niwe na akili zangu sijawahi kumfurahisha Mama kiasi kile.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mama kamwamuru jirani, kwa kidole, atoe gauni la bluu, alipige pasi, alitundike. Kachagua na nguo ya kuzikiwa! Mwanamke jasiri. Nimeshindwa kula.

Dada anakuja kesho. Sijamwambia kitu kwenye simu. Habari hizi husemwa ana kwa ana.

Jumapili, 11 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi yote rangi ilikuwa bado inanata, nikasubiri ikauke. Saa tisa mchana nikafika nyumbani na sanduku juu ya mkokoteni wa karakana. Barabara tupu, watu wote wako kwenye kura zao. Mama alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, gauni la bluu, kitambaa kichwani. Jirani anasema alivaa tangu saa kumi na mbili asubuhi na alikuwa anautazama mlango tu. Nikaliingiza. Nikalitua mbele yake.

Akalitazama. Akanitazama. Akanyoosha mkono mzima, akapapasa kifuniko taratibu, huku na huku, anatafuta kitu. Kisha akasema: tundu?

Nikasema Mama, halina tundu hata moja, nimeziba yote kwa gundi.

Hapo ndipo Dada alipoingia, kidole chake kina wino. Akaliona sanduku. Akauliza hiki nini. Nikamweleza yote: Jumapili, sanduku, Mama kuijua siku yake. Dada akakaa chini sakafuni. Halafu akasimama akanizaba kofi, mimi, baba wa watoto wawili. Akasema Mama hajawahi kukosa kura tangu apate haki ya kupiga. Akasema sanduku la KURA, mpumbavu wewe, sanduku la kura!

Nikamwangalia Mama. Alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na machozi yanamshuka upande mmoja.

Saa tisa na nusu. Vituo vinafungwa saa kumi. Gari hakuna. Mkokoteni upo, lakini mbao zake tupu zingemvunja mifupa. Mama mwenyewe akaonyesha kidole. Ndani ya sanduku kulikuwa na godoro na mto. Basi tukamlaza humo, kifuniko tukakiacha, tukaanza kusukuma, mimi nyuma, Dada pembeni kaushika mkono wake. Sijawahi kukimbia vile.

Tulipotokea kituoni foleni ikakatika. Jamaa mmoja akapiga ukelele kwamba mwaka huu hawafichi, wanaleta wafu mchana kweupe! Mama akajiinua kwa kiwiko kutazama. Waliosalia kwenye foleni wakakimbia. Na Mama akacheka. Akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Kwa hiyo tukawa wa kwanza. Karani, binti mpole, akaomba kadi.

Nikaitoa mfukoni.

Gundi pande zote mbili, imeganda na vumbi la mbao. Hakuna jina, hakuna namba. Nikakwangua kwa ukucha palipo na picha. Uso wa Mama ukabanduka ukabaki kwenye ukucha wangu.

Karani akasema bila kadi inayosomeka hana ruhusa. Dada akamsihi. Ndani alikaa Vanishi, kumbe ni wakala wa chama chake. Akasimama akasema anamjua mama huyu, na hata kama hampigii mgombea wake, apige. Mkubwa wa kituo akatazama saa yake. Kumi kamili. Akafunga mlango wa chumba cha kura.

Mama akamtazama karani. Akanyoosha kidole chake kidogo, cha mkono mzima, na akakiacha hapohapo hewani. Karani akatazama nyuma. Akatazama kile kidole. Akachukua kichupa cha wino, akakichovya.

Njiani kurudi nikamwambia Dada afadhali, wino kapata, nani atajua kwamba hakupiga? Dada akajibu: mimi hapa nitajua.

Jumatano, 14 Oktoba

Mama kafariki jana asubuhi. Tumemzika leo. Nimelia mpaka sauti imekauka, na bado nasikia lile neno lake. Tundu.

Sanduku limesifiwa na kila mtu. Hata wasionipenda walilishika wakasema hii ndiyo kazi. Gauni la bluu, wino kidoleni haukutoka hata alipooshwa. Nilitaka kumwomba msamaha kabla kifuniko hakijafungwa, lakini watu walikuwa wengi, na Dada alisimama kati yangu naye.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimerudi kazini. Matokeo ya rais yametangazwa. Aliyeshinda ni yule niliyesema, kwa mamilioni. Nikawakumbusha wenzangu. Vanishi akasema kwenye kituo chetu wagombea wamelingana sawasawa, kura kwa kura. Nikamwambia hata Mama angepiga, moja ingefanya nini kwa nchi nzima? Akanitazama, rangi ya brashi inamdondokea kwenye kiatu. Akaendelea kupaka.

Ufunguo wa stoo umechukuliwa. Mama Satini na Mzee Randa wamekwenda kwa Bosi kuapa kwamba siku ile hawakupiga kura. Bosi safari hii kaweka simu chini, kahesabu zile karatasi tano mara mbili. Uchaguzi wa msimamizi unarudiwa Jumatatu. Mama Satini kasema atapiga, na atakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Sina wasiwasi. Nimekaa nimefikiri sana, nimeliona kosa langu. Wapiga kura wanne, karatasi tano! Lilikuwa kosa la hesabu. Jumatatu nitatia tatu tu, nitoe za watu wawili kwa waya kupitia lile tundu. Jumla nne. Nani atabisha?

Dada bado hapokei simu zangu. Atapoa.

Mchana imeingia oda ya sanduku la mtu mzima, linatakiwa kesho. Brashi ya gundi imeshakufa kabisa, na ile kadi ya Mama, Dada alininyang'anya. Nikapekua mifuko yangu, nikapata kadi yangu mwenyewe ya kupigia kura, mpya, haijatumika. Inapaka vizuri kweli.